Jina la Nanjala Lilivyokosa Mtoto

Watu wa Bumula walimwogopa Nasimiyu kwa ulimi wake, lakini zaidi kwa kumbukumbu yake. Ulimi unaweza kuukwepa, ukapitia njia ya nyuma ya kanisa. Mtu anayekumbuka baba yako aliiba kuku wa nani, na kuku mwenyewe alikuwa wa rangi gani, utamkwepea wapi? Alisoma mpaka darasa la nne tu, na hakuona kama kuna kitu alichokikosa. Majina ya ukoo wao aliyajua vizazi saba kwenda nyuma. Wajukuu wake wenye digrii walikuwa wakikwama kwenye kizazi cha tatu, wanaanza kukuna kichwa.

Yeye mwenyewe alizaliwa wakati wa kiangazi, ndiyo maana akaitwa Nasimiyu. Mama yake alizaliwa katika njaa kubwa iliyofuata vita vya Wajerumani, akaitwa Nanjala. Hivyo ndivyo Wabukusu walivyoweka tarehe kabla karani hajaja na kalamu yake. Wa mvua ni Nafula, wa mavuno ni Nekesa, wa palizi ni Naliaka. Ukisikia jina, umejua mtu alizaliwa lini na shamba lilikuwa na hali gani siku hiyo.

"Sasa niambie," Nasimiyu alikuwa akiuliza akiletewa mjukuu mpya, "huyu Tiffany wenu alizaliwa shamba likiwa vipi?"

Waliomleta walicheka tu wakamwongezea chai. Naye akaendelea: zamani, ukisimama mtoni ukaita "Nanjala!", wanawake watano waligeuka na mitungi yao. Siku hizi ukiita, atageuka nani? Ukiita Sheryl ndiyo utaona nusu ya watoto wa shule ya nasari wanakukimbilia, na hakuna hata mmoja anayejua Sheryl wa kwanza alikuwa binti ya nani na alikufa kwa nini. Majina ya kuokota kwenye televisheni, alisema, kama mtu anayeokota kofia njiani na kuivaa bila kuangalia kama ina chawa.

Ilikuwa kejeli yake ya kila siku na watu walikuwa wameizoea. Lakini mwaka wa 2008, mahindi yakikaribia kuvunwa, mambo yakageuka. Mama yake, aliyezikwa zaidi ya miaka ishirini iliyopita, alianza kumjia ndotoni. Alisimama mlangoni akiwa na ungo mtupu mkononi, haingii, hasemi. Kwa Wabukusu, marehemu akija namna hiyo huwa anatafuta mtoto wa kubeba jina lake. Nasimiyu alikuwa na miaka sabini, magoti yanalia kila akiinuka, na katika ukoo mzima hapakuwa na Nanjala hata mmoja aliye hai. Akifa yeye, nani atajua kwamba jina hilo liliwahi kuwa la mtu?

Akawaambia wake za wanawe. Wakacheka tena.

"Kukhu, nani ataita njaa kwa nyumba yake?" mmoja akasema, akimwita bibi kama watoto wake walivyomwita. "Si ni kama kuikaribisha chakula?"

Siku ya Krismasi, boma likiwa limejaa, Nasimiyu akasimama. "Mnaona yule mtamba wangu mwekundu? Ana mimba. Mtoto wa kike atakayeitwa Nanjala, yule ng'ombe ni wake pamoja na huyo ndama."

Kicheko kikaisha pale pale. Watu walimwangalia mtamba kama vile hawajawahi kumwona.

Kufikia mwezi wa tano, jina lililokuwa limeoza lilikuwa limepata wenyewe wawili. Phelista, binti ya kaka yake aliyeolewa na karani huko Kanduyi, alikuja na kadi ya kliniki ya mtoto wake wa miaka miwili. Jina la kwanza lilikuwa limefutwa kwa ile rangi nyeupe ya ofisini, na juu yake pameandikwa Nanjala kwa herufi kubwa. Kisha Makokha, kitinda mimba wa Nasimiyu aliyekaa Kibomet, nje kidogo ya Kitale, akapiga simu. Mke wake Roselyne alikuwa amejifungua msichana. "Mama, tumemwita Nanjala," akasema, tena haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Nasimiyu alicheka kwa pua. Jina haliwi kwenye kadi, alijiambia, jina huwa mdomoni. Ataenda mwenyewe bila kupiga simu, mikono mitupu, asikie wanawaita watoto nini wakati hawajui kama yuko.

Alianza na Kanduyi. Alisimama kando ya ua wa michongoma, akapumzisha magoti. Mtoto alikuwa akichezea maji machafu mlangoni.

"Tiffany!" Phelista alipaza sauti kutoka jikoni. "Tiffany, wewe! Toka kwa maji!"

Mtoto akatoka kwa maji. Phelista naye akatoka nje na kumwona mgeni. "Woi! Senge!" akasema, maana Nasimiyu ni dada ya baba yake. "Umefika saa ngapi? Nanjala! Nanjala wangu, kuja usalimie kukhu!"

Mtoto akageuka kuangalia nyuma yake, amwone huyo anayeitwa.

"Hata yeye anamtafuta," Nasimiyu alisema. "Mkimpata mtaniambia." Chai aliinywa, mandazi akala matatu, maana hasira haikumzuia kula, kisha akaondoka bila kumtaja ng'ombe.

Baada ya siku mbili akafika Kibomet. Njiani alikuwa ameandaa maneno ya kumchapa nayo Roselyne, maana hakutegemea kusikia tofauti. Nyumba ilikuwa chumba kimoja cha mabati. Kabla hajabisha akasikia sauti ya ndani ikibembeleza: "Nyamaza, Shantel. Shantel wa mama, nyamaza."

"Hodi kwa kina Shantel," Nasimiyu akasema na kuingia.

Roselyne akashtuka, akainuka na mtoto begani. "Mama! Karibu. Si ungetuambia tu unakuja?"

"Ili mfiche Shantel?"

Roselyne alimpa mama mkwe kiti, akampa na chai. Ilikuwa turungi, isiyo na maziwa wala sukari. Nasimiyu aliionja akakunja uso. Hapo ndipo alipoangalia vizuri. Juu ya jiko palikuwa na sufuria ya majani ya nje ya kabichi, yale ambayo wauzaji huyamenya na kuyatupa chini sokoni. Hapakuwa na unga. Ndoo ya unga ilikuwa imeoshwa na kutundikwa ukutani. Mtoto alikuwa mdogo kuliko miezi yake, analia kilio kile chembamba kinachochoka chenyewe katikati.

"Makokha yuko wapi?"

"Ameenda kutafuta kibarua. Ile stoo alikuwa akibeba magunia ilifungwa. Hakuna magunia, mama. Watu hawakupanda vizuri mwaka wa vurugu za uchaguzi."

Hapa ni Kitale, Nasimiyu alifikiri, mahali watu walikuwa wakilalia magunia ya mahindi kama godoro. Lakini maneno aliyokuwa ameyabeba kutoka Bumula hakutaka kurudi nayo.

"Mlinidanganya."

"Nilikudanganya mimi. Makokha alikataa, nikamlazimisha akupigie. Nilitaka huyo ng'ombe. Maziwa yangu yamekatika, si unamwona?"

"Basi si umwite! Jina ni bure. Mwite tu Nanjala na ng'ombe anakuja."

"Nilijaribu siku mbili," Roselyne alisema. "Nikiita asubuhi, naangalia sufuria. Nikiita mchana, naangalia sufuria. Wewe njaa yako ni ya zamani, mama, ilienda, unaisimulia watu wakiwa wameshiba. Hii yangu imekaa hapa na sisi. Ati niiite kila saa, iitike? Hapana. Kama ni ng'ombe, basi baki naye."

Nasimiyu alifungua mdomo. Alikuwa hajawahi kukosa jibu mbele ya mke wa mwanawe, na hakutaka kuanzia Kibomet. Lakini kilichokuja hakikuwa jibu. Aliona ua wa misheni, yeye akiwa msichana wa miaka saba ameshika sketi ya mama yake, na katekista ameinama juu ya daftari akimuuliza mama jina lake. "Niandikie lolote," mama yake alisema. "Lolote, bora lisiwe lile la njaa." Wakamwandika Paulina. Na pale mtoni, wale wanawake watano walipogeuka, kulikuwa na wa sita ambaye hakugeuka, akaendelea kuchota maji kama kiziwi. Wake wenza tu ndio walioendelea kumwita Nanjala, wakitaka kumuumiza.

Kumbukumbu iliyoshika rangi ya kuku wa wizi ilikuwa imeruka hapo miaka yote hiyo.

Alimalizia ile chai mpaka chini, ingawa ilikuwa chungu. "Kuna jina lingine la mama yangu," akasema. "Paulina."

Roselyne alijitahidi kuzuia kicheko akashindwa. "Mama, pole. Lakini Paulina ni la wamama wa kanisani."

"Chai yako ni mbaya sana," Nasimiyu akamwambia, akainuka na magoti yake.

Wiki iliyofuata Makokha aliitwa Bumula. Alirudi na magunia mawili kutoka ghala la mama yake, ambaye hakuwahi kuwauzia wenye malori mahindi yote, na nyuma ya mkokoteni wa punda anakokotwa yule ng'ombe mwekundu, ndama akimfuata. Habari zilifika Kanduyi kabla ng'ombe hajafika Kibomet.

"Senge, mbona hivyo?" Phelista alilia kwenye simu. "Wangu ndiye Nanjala! Hata kadi inasema!"

"Basi mwite," Nasimiyu alimjibu. "Kila asubuhi, kwa sauti, majirani wasikie. Mwaka ukiisha tutaongea juu ya ng'ombe mwingine."

Mwezi haukuisha kabla Tiffany hajarudi kuwa Tiffany.

Jina lenyewe halijapata mtoto mpaka leo. Nasimiyu hakuacha kuyadharau haya majina mapya, na la mjukuu wake wa Kibomet hulitamka kama mtu anayeumwa na jino: Shanteri. Lakini juzi shemeji yake mmoja alimtania, akamuuliza swali lake mwenyewe: huyo Shantel alizaliwa shamba likiwa vipi?

"Tupu," Nasimiyu akasema. "Hakukuwa na kitu. Mimi ninajua, na yeye si lazima abebe jina la njaa."