Mama Ameramba Unga Wangu wa Protini

Jamani, leo mama yangu mzazi kanikamata kama mwizi wa kuku!

Sukari imempanda, daktari kasema apunguze ugali. Kagoma.
"Nina shamba la mahindi Kasekese, halafu ninyimwe ugali?"

Nikaenda dukani hapa Mpanda kutafuta unga wa protini.
Muuzaji akanipa wa chokoleti. Nikakataa.
Akanipa wa vanila. Nikakataa.
"Nipe usio na ladha, kuna mtu namdanganya."

Nikaukoroga na mayai, nikapika chapati laini. Mama akala mbili, akasifia. Nikajiona mjanja kweli!

Kumbe kopo nimeliacha mezani.

Mama akamimina unga kidogo kiganjani, akaramba, vile anavyoonja unga sokoni kabla hajanunua. Akanitazama. Akacheka mpaka machozi.

"Miaka ya tisini ulikataa dagaa mpaka ukakonda. Niliwakaanga, nikawatwanga, nikakuchanganyia kwenye uji wa karanga. Kila asubuhi!"

Na mimi maisha yangu yote naapa sijawahi kula dagaa 🙈
Nyie nao hebu waulizeni mama zenu.

Mama akanisogezea sahani.
"Niongezee nyingine. Wewe ulikuwa unamaliza kikombe."