Hema la Mtu Mmoja

Mwenye duka aliniuliza mume wangu ana urefu gani.

Nilikuwa nimesimama mbele ya kaunta yake mjini Kakamega, vumbi la chaki bado kwenye vidole, na nilikuwa nimemwambia wazi kwamba nataka hema la mtu mmoja, jepesi, la kubeba mgongoni. Alinisikia vizuri. Kisha akashusha hema la watu wawili, akalipigapiga kama mtu anayesifu ng'ombe mnadani.

"Hili litawatosha, madam. Mzee ni mrefu?"

"Mzee gani?"

"Mzee wako."

"Sina mzee. Hema ni langu."

Akacheka, akamtazama mteja aliyekuwa nyuma yangu, mwanamume aliyekuja kununua tochi, kana kwamba huyo ndiye angemweleza ninachotaka. "Sasa madam, utaenda kulala porini pekee yako ukifanya nini?"

"Nikilala," nikamjibu.

Kwenye rafu ya juu kabisa nililiona jingine, dogo, limekunjwa kwenye mfuko wa samawati. Akasema hilo ni la watoto kuchezea. Nikamwambia alishushe hata hivyo. Tulilisimamisha pale pale sakafuni, kati ya ndoo na viti vya plastiki, nami nikavua viatu nikaingia, nikalala chali. Mtu wa tochi alikuwa bado yupo. Nilimsikia akiguna. Lakini kicheko chao hakikuniudhi kama lile hema lenyewe: miguu ilisukuma kitambaa upande mmoja na kipaji cha uso kikakigusa upande wa pili. Mimi ni mrefu, nimemfuata marehemu baba. Tena lilikuwa la kitambaa kimoja tu, bila hata tundu la hewa. Pumzi ya mtu usiku hugeuka maji, maji yakakurudia usoni. Nikatoka, nikavaa viatu, nikaondoka bila kuaga.

Hasira ile ilikuwa na mizizi. Kwa miaka mingi nilimuuguza baba nyumbani kwetu Lumakanda, nikitoka darasani kufundisha jiografia na kuingia jikoni kumkorogea uji. Ndugu zangu walikuja na sukari Krismasi. Baba alipofariki nilianza kutembea. Likizo zikifika nilibeba mkoba nikashika njia, kwa sababu nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu juu ya mito na vilima nisivyowahi kuvikanyaga. Safari ya kwanza niliazima hema la turubai la shule, la vyuma, zito kama gunia la mbolea. Nilirudi mabega yamechubuka, nikashindwa hata kuandika ubaoni. Ndipo nikajua kwamba mtu anayetembea peke yake hana wa kugawana naye mzigo. Wenye kwenda wawili, mmoja hubeba kitambaa, mwingine hubeba fito. Mimi nabeba vyote.

Kwa hiyo nikatafuta. Nililipata hatimaye kwa mama mmoja wa mitumba, chini ya rundo la makoti: hema la kijani lililofifia, refu la kunitosha, lenye kitambaa cha ndani cha wavu na cha nje cha mvua. Mishono yake niliikagua mmoja mmoja kwenye mwanga. Nililipeleka kwenye ghala la mahindi nikalipime, lakini mizani ile imezoea magunia, mshale haukutikisika. Nikaenda kwa mwenye bucha. Akalitundika kwenye ndoano, akasoma, akasema, "Mwalimu, nyama hii haina mfupa." Lilikuwa jepesi kuliko jogoo wa mama. Siku hiyo nilicheka.

Hema jipya halipelekwi safari kabla ya kunyeshewa nyumbani. Kwetu mvua ya alasiri haikosi, kwa hiyo asubuhi kabla ya kwenda shule nililisimamisha nyuma ya jiko, karibu na migomba, nikakaza kamba, nikaweka gazeti kavu ndani ili jioni nione kama limelowa.

Jioni sikulikuta. Lilikuwa limetupwa kando ya zizi, limelowa, limeviringishwa kama tambara la kudekia. Ndama alikuwa amelikanyaga. Kitambaa cha nje kilichanika mpasuko wa kuingiza mkono mzima, na ufito mmoja ulikuwa umevunjika kabisa.

Kaka yangu mkubwa, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya ua, alikuwa ameketi barazani kwa mama akila. Mama alikuwa kando yake akipukuchua mahindi.

"Nani aling'oa hema langu?"

"Mimi," akasema, bila kuacha kumega ugali. "Nimekusaidia. Kwetu hema linasimamanga nyumbani kukiwa na msiba. Watu wamepita hapa wakiuliza nani amekufa."

"Watu gani?"

"Watu."

"Kahema kale kangefunika jeneza gani? Ungewaambia ni la dada yako la kutembelea."

Hapo akaweka tonge chini. "Niwaambie hivyo? Watasema tumekufukuza. Watasema dada yetu analala nje kama mtu asiye na kwao. Wewe ni mwalimu, una nyumba, una kitanda. Unatafuta nini huko?"

Nilikumbuka kwamba kabla ya kuoa alifanya kazi ya kuchunga miwa kule Matungu, akalala nje msimu mzima chini ya trela, akarudi na hadithi tulizozisikiliza kama za shujaa.

"Ulipolala mashambani Matungu," nikasema, "nani alikuja kukung'oa?"

"Mimi ni mwanaume."

"Na nilipolala sakafuni kando ya kitanda cha baba, kila usiku, watu hao walisema nini? Hukuwaogopa? Mbona hukuja kunitoa pale?"

Akaliokota tena tonge lake. Mama aliendelea kupukuchua, punje zikilia kwenye ungo. Nilimtazama nikimsubiri aseme neno moja tu. Alisema, "Chakula kinapoa." Mpaka leo sijui alimwambia nani kati yetu. Najua tu kwamba maneno yale mawili yaliniuma kuliko ufito.

Nililichukua hema langu nikalipeleka kwa fundi cherehani wa Khayega, akalishona kiraka. Ufito ulimshinda kila niliyemwonyesha. Ulikuwa mwembamba, mtupu ndani, na kila walipouunga ulipinda pale pale. Basi nikaanza kuchagua upya, safari hii kwa ghadhabu. Mwalimu mwenzangu alikuwa amenisifia kitambo hema lake lisilo na fito kabisa. Linasimamishwa kwa fimbo ya kutembelea, ukilikaza kwa vigingi na kamba. Nilikuwa nimelikataa kwa sababu halisimami lenyewe, usipolikaza vizuri linakuangukia. Sasa nikamwendea, nikamwambia tubadilishane, achukue la kijani na nyongeza ya pesa. Alikubali haraka, maana mwanawe alikuwa na njia ya kuagiza ufito Nairobi. Fimbo nilikuwa nayo tayari. Uzito ulipungua tena, na nilijiambia kwamba anayetaka kulivunja hili itabidi anipokonye kwanza fimbo mkononi.

Likizo ya Agosti nilishuka Khayega, nikaanza kutembea kuelekea msituni. Waendesha boda boda walinifuata mmoja baada ya mwingine. "Madam, panda, utachoka!" Nilipokataa, mmoja aliuliza kama nimegombana na mtu. Kwenye kambi ya wageni ukingoni mwa msitu, mlinzi alichungulia nyuma yangu akitafuta wengine.

"Mko wangapi?"

"Unanihesabu vibaya? Mmoja."

Akataka namba ya simu ya mwanamume wa familia. Nikampa namba ya mama.

Hema lilinisumbua. Mara ya kwanza liliegemea upande, mara ya pili kigingi kikachomoka. Mvua ilianza kudondoka nikiwa bado nimepiga magoti, natukana peke yangu kwa lugha ya nyumbani. Mara ya tatu nilikaza kamba ya nyuma kwanza, kisha ya mbele, na kitambaa kikanyooka kikawa kama ngozi ya ngoma. Nikaingia. Mvua ya Kakamega ilimwagika juu yangu kwa nguvu zake zote na haikuniingilia. Nilinyoosha miguu mpaka mwisho, haikugusa kitu. Nilijaribu kujisikia mwenye furaha, nikakuta nina hasira tu, lakini hasira iliyokauka, yenye nafasi ya kugeuka upande huu na ule.

Asubuhi mbega walikuwa wakiunguruma mitini simu ilipolia. Alikuwa kaka.

"Mama anasema uko msituni."

"Niko."

"Ulilala?"

"Nililala."

"Pekee yako?"

Niliitazama simu. Kisha nikaikata, nikaenda kuteka maji ya chai.