Nyumba ya Vitumbua

Jumamosi alasiri, tukiwa na madebe yetu kwenye bomba la mtaa, alitujia kijana aliyevaa suti, vumbi limemfika magotini. Alikuwa mpiga gitaa kutoka Tabora, amekuja kupiga dansini jioni ile. Asubuhi alitoka kuutazama mji, na sasa hakujua nyumba aliyofikia ni ipi. Gitaa lilikuwa humo.

"Nyumba yenyewe ikoje?" nikamuuliza.

"Ina baraza, dada, na kuna mama anakaanga vitumbua."

Foleni nzima ilicheka. Kariakoo asubuhi, nyumba gani haina baraza na mama wa vitumbua?

Mama mmoja wa Kizaramo akatua debe lake. "Mnyamwezi, mtani wangu, babu zako walitembea toka Tabora mpaka pwani na mizigo kichwani wasipotee. Wewe umepotezwa na vitumbua?"

Kijana alikuwa ameinua kidole, anasikiliza. Mtaa wa pili mtu alikuwa akikwaruza gitaa vibaya sana.

"Langu lile!" akasema, akatimua mbio.

Nilipopita huko na debe langu kichwani, nilimkuta barazani amelikumbatia gitaa, anamfokea mama wa vitumbua, ambaye alikuwa akijifuta mafuta vidoleni.

"Mji gani huu? Mgeni akitoka tu, vitu vyake vinachezewa!"

Ana haki ya kulalamika. Lakini tungekuwa na adabu anayoitaka, saa hizi angekuwa bado anakagua mabaraza.