Saa ya Darini

"Leo Jumatano, Bibi Aeschlimann. Zamu yako ni Alhamisi. Na mashine yako imeitikisa saa yangu."

Gottfried Tschanz alinipokea hivyo katika chumba cha kufulia cha wapangaji wote, chini kabisa ya nyumba yetu hapa mjini Biel, nami nimekumbatia kapu la pili la mashuka, la kwanza liko mashineni.

"Alhamisi yangu si uliichukua wewe wiki jana?" nikamwuliza. "Eti nisiwashe mashine, saa inataka utulivu. Leo unanigombeza tena?"

"Nitakulipa."

"Lini? Wajukuu wanalalia magodoro matupu."

Hawakuwa wanalalia magodoro matupu, ila Tschanz ukimwambia jambo dogo halisikii. Na zamu ya kufua kwetu si chumvi ya kuazimana. Ghorofa ya pili wapo wawili hawasalimiani mpaka leo kwa sababu ya kamba moja ya kuanikia.

Tschanz alikuwa mpeleka barua, amepanda ngazi za watu maisha yake yote. Alipostaafu akahamia kwenye vitabu vya maktaba: kwa nini muda hauendi kinyume, je, jiwe nalo huzeeka, ukikikata kitu bila kukoma utafika wapi.

"Jirani, ngazi hii karibu yote ni utupu," aliniambia siku moja.

"Basi ifagie wewe, itakuwa kazi nyepesi."

Rosmarie, mkewe, alipofariki majira ya baridi, mtu huyu akashindwa kabisa kukaa kitini. Akasoma mahali kwamba kadiri unavyopanda juu ya ardhi, ndivyo muda unavyokwenda mbio. Akanunua saa mbili zinazofanana, moja akaitundika chumba cha kufulia, nyingine darini tunakoanika nguo. Tangu hapo ni viatu vyake tu kwenye ngazi, juu, chini, juu, mpaka chakula kinakushinda. Saa ya darini ikatangulia kweli. Nilidhani atafurahi, kumbe akaanza kukonda.

"Imekimbia, si ndivyo ulivyotaka?" nikamwuliza Jumatano hiyo.

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasimama, akaketi tena.

"Rosmarie ameanika nguo huko juu miaka arobaini. Kapu alikuwa akibeba yeye. Mimi nilisema nimechoshwa na ngazi. Sasa kama muda huko unakimbia, nilikuwa nampeleka akaumalize wake."

Nikaliweka kapu langu chini. Mashine ikazunguka weee.

"Umejaribu kuzibadilisha mahali hizo saa?" nikasema. "Ya juu ije chini?"

"Najua ndiyo njia. Naogopa."

"Kaitungue. Nakungoja hapa."

Akapanda na ya chini, akashuka na ya juu, nikashika misumari. Wiki hiyo nami sikulala vizuri, kwa kelele za viatu vyake.

Jumatano iliyofuata akabisha hodi kwangu, saa zote mbili kwapani.

"Ni ileile," akasema. "Ilitangulia darini, imetangulia na chini. Ni mbovu."

"Na kitabu kilidanganya?"

"Hapana, ni kweli juu muda huenda mbio. Ila nimepiga ile hesabu niliyokuwa naikwepa. Siku zote alizoanika, ukizijumlisha, hazijampunguzia hata sehemu ya milioni ya kupepesa jicho."

"Basi hukumlia umri wake."

"Sikumlia." Akabaki mlangoni, anahamisha mguu huu na huu. "Lakini kapu bado alibeba yeye."

"Alibeba, Bwana Tschanz. Hilo usitafute saa ya kulipima."

Nilidhani nimemwumiza. Akatoa mfukoni ufunguo wa chumba cha kufulia.

"Jumatatu yangu, chukua. Niliahidi."

Jumatatu nikafua kila kilichofulika, mpaka mapazia. Nilipoinama kulinyanyua kapu, limelowa, zito kama mtu, mkono wake ukawa umeshatangulia. Akalipandisha mpaka darini, kila ghorofa akisimama kunieleza kwa nini maji hung'ang'ania nguo. Nusu ya pumzi yake iliishia kwenye maelezo. Nikamwacha.

Kule juu akaliweka chini, akashika kiuno.

"Tumemalizana?"

"Kwa ile Alhamisi tumemalizana," nikasema. "Haya, nipe vibanio."