Chai ya Meneja

Mama wa chai pale Kabiria alikuwa na mazoea ya kufuta kila kikombe kwa pindo la leso, na sauti yake ililainika kila alipopanga utundu. Mwaka wa 1974 daktari alituambia kemikali ya floraidi kutoka kiwanda jirani cha kuyeyusha alumini imeingia kisimani mwetu, ndiyo maana meno ya watoto yanageuka kahawia. Meneja wa kiwanda akaja kukanusha. Mama akamkaribisha chai.

"Maji yenu ni safi kabisa," meneja alisema, akimaliza kikombe.

"Asante, bwana. Hiyo chai ni ya kisima."

Meneja alikimbilia uani kutapika, akina mama wote wakimtazama. Mwezi uliofuata kiwanda kikatuletea mfereji wa maji safi.

"Kwani ningempikia mgeni sumu?" mama wa chai aliniambia baadaye. "Yalikuwa maji ya mvua."