Baba Mdogo Golini, Macho Yamefumba

Juzi sokoni Lewisham, hapa London, niliona mpira wa miguu wenye kitambaa cha manyoya, ule wa kuchezea ndani ya ukumbi, nikamkumbuka baba mdogo Hamisi. Selemani na Beka, nawataja wasikie, waliihama timu yetu ya mtaani, ya watano watano, wakaenda kwa wapinzani asubuhi ya mechi, wakatuachia wachezaji wanne. Tusipofika watano, ligi inatufuta. Baba mdogo alikuja moja kwa moja kutoka shifti ya usiku hospitalini, akinuka dawa ya kudekia, akasimama golini. Mpira ukienda mbali, alifumba macho.

"Ba'mdogo, unalala?"

"Nawasikiliza wanavyokuja, mwanangu."

Nikaamini. Nami, mtoto nyuma ya nyavu, nikafumba macho yangu, nisikilize.

Tulifungwa kumi na moja, lakini hatukufutwa. Nilipokua nikadaka golini palepale. Sasa shifti za usiku nafanya mwenyewe. Ahsante, ba'mdogo. Usingizi ule ulikuwa haki yako.