Namba Tasa Zilizoishia Dirishani

Chekeni tu, nimeshazoea, maana aibu niliyoipata Ruangwa mbele ya shule mbili ilimfikia hata mama yangu kule Bukoba kabla mimi sijampigia simu.

Mimi ni mwalimu wa hisabati Nachingwea, Mhaya (kujisifu kwetu mnakujua), na kila mwaka tunashindana na shule moja ya Ruangwa, kila upande unawaletea wenzake swali gumu. Safari hii mshindi alikuwa anaondoka na kompyuta, na shule yetu haina hata moja. Nikachagua 1,000,001: je, ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, au siyo? Nikaijaribu kwa namba tasa zote zilizochorwa ukutani darasani kwetu, mbili, tatu, tano, saba, mpaka 97, ikazikataa zote. Hapo ukuta unaisha, linaanza dirisha, na mimi nikaishia hapohapo.

Salma, kiongozi wa timu yangu, akasema taratibu, "Mwalimu, si ulitufundisha twende mpaka kipeuo cha pili cha namba, hapa karibu na elfu moja?"

"Mwanangu, iliyozikataa zote hizi itaikubali ipi tena?" nikamjibu, nikaweka chaki chini.

Basi, Ruangwa tukafika mwisho tuko sare, limebaki swali langu tu. Binti mmoja wa kwao akaenda ubaoni, akaanza kugawanya kwa 101. Nikashtuka, maana hiyo 101 sikuijaribu (ingekuwa palepale kwenye dirisha!), lakini badala ya kunyamaza nikasimama. "Kaa chini, mwanangu, usijichoshe, hiyo ni tasa!"

Jaji, mama mmoja mkali, akanitazama juu ya miwani. "Mwalimu, mwache mtoto amalize."

Binti akaendelea kugawanya, na jibu likatoka: 9,901, baki sifuri. Ningekaa hapo ningesalimika kidogo, lakini wapi, nikapaza sauti, "Amekosea! Azidishe tuone!" Akazidisha. Akaandika 990,100, chini yake 9,901, akajumlisha tarakimu moja moja, sifuri, sifuri, sifuri, kila moja ikikaa mahali pake, mpaka milioni moja na moja ikasimama pale ubaoni, nzima.

Ukumbi ukalipuka. "Mwalimu wa Nachingwea, kaa wewe sasa!"

Kompyuta ikabaki Ruangwa. Njia nzima ya kurudi wanafunzi wangu hawakunilaumu, Salma aliniambia tu, "Pole, Mwalimu," na pole ile iliniuma kuliko kelele zote za ukumbini.

Nimeapa, sitaacha tena hesabu mahali ukuta ulipoishia. Na hata nikitaka kusahau siwezi, kwa sababu Jumatatu nilikuta mtu amechora 101 kubwa nyeupe kwenye ubao unaofunga dirisha lile la darasani (mwandiko naujua, sikuuliza), na Nachingwea kuna joto, kwa hiyo kila asubuhi lazima nilifungue, na kila nikilivuta, namba ile inanijia usoni.